Hariri, resilini, albumini au protini inayong'aa: uchague ipi kwa nyenzo inayoitikia nguvu?

Mtu akianza kutafuta protini ya kutengenezea kitu kitakachoitikia kuvutwa, kubanwa au kugongwa, mara nyingi huanza na swali moja: ipi ni imara kuliko zote? Swali hilo humpeleka moja kwa moja kwa buibui, na hapo hukwama, kwa sababu buibui hafugiki kama kiwavi wa hariri. Ukiwaweka wengi pamoja, wanalana. Akirudi nyuma anakutana na msururu wa majina, elastini, resilini, titini, albumini, keratini, kila moja likisifiwa kwa kipimo chake, na vipimo vyenyewe havilinganishiki.

Swali linalosaidia ni jingine: nguvu ikishaingia ndani ya nyenzo yako, unataka iishie wapi? Kuna protini inayoirudisha karibu yote. Kuna inayoimeza na kuigeuza joto. Kuna inayofunguka kidogo kidogo, ikapumzika, ikajikunja upya. Na kuna ambayo kazi yake ni kutoa habari tu kwamba nguvu imefika. Ukishajibu hapo, nusu ya msururu unajipunguza wenyewe.

## Vigezo

Kila protini nitaiangalia kwa mambo yaleyale: nguvu inaishia wapi, nyenzo inarudia vizuri kiasi gani, unaipataje, udhaifu wake uko wapi, na inamfaa nani.

Kabla ya hapo, neno kuhusu tarakimu, maana hapa ndipo wengi hupotea. Wanaovuta molekuli moja moja kwa hadubini ya nguvu ya atomu hupima kwa pikonyutoni, yaani sehemu ya trilioni ya nyutoni. Wanaovuta kipande kizima hupima kwa kilopaskali. Kilopaskali 1 ni sawa na pikonyutoni 0.001 kwa kila nanomita ya mraba. Chukua jeli ambayo minyororo yake ya protini imeachana kwa nanomita 10 hivi, kila mmoja ukibeba eneo la nanomita za mraba 100. Ivute kwa kilopaskali 10, mzigo ambao kwa jeli laini si mchezo: kila mnyororo unapata wastani wa pikonyutoni 1 tu.

Sasa tazama I27, kile kipande cha titini ya misuli kinachotajwa kila mahali. Kikivutwa kwa kasi za kawaida za maabara, hukunjuka, yaani umbo lake lililokunjwa hufunguka, kwa pikonyutoni 200 hivi. Ni kweli mzigo ndani ya jeli haugawanyiki sawasawa, minyororo mifupi hubeba zaidi, na mkunjo ukivutwa kwa muda mrefu hufunguka hata kwa nguvu ndogo. Lakini pengo la mara 200 haliwezi kupuuzwa. Anayechagua I27 kwa sababu ya sifa ya uimara anaweza kuishia na jeli ambayo mikunjo yake mingi haishtuki, mpaka jeli yenyewe ikatike.

## Hariri ya kiwavi

Nguvu inaishia wapi. Sehemu kubwa humezwa. Fibroini, protini yenyewe ya uzi, ina mnyororo mzito wa kilodaltoni 390 hivi, uliojaa marudio ya asidi amino mbili, glisini na alanini. Marudio hayo hujipanga laha juu ya laha na kufanya fuwele za nanomita chache, zikishikwa na vifungo vya haidrojeni. Kati ya fuwele kuna sehemu zisizo na mpangilio. Uzi ukivutwa, sehemu hizo legevu hunyooka kwanza na fuwele hushikilia. Kinachovutia ni kwamba fuwele ndogo ni bora kuliko kubwa. Katika fuwele ndogo vifungo hubeba mzigo kwa pamoja. Ikikua, hupinda na vifungo huanza kuachia kwa zamu.

Uzi ambao buibui hujining'inizia hufikia gigapaskali 1.1 hivi na humeza nishati ya kama megajuli 160 kwa kila mita ya ujazo kabla ya kukatika, wakati Kevlar, uzi wa viwandani wa fulana za kuzuia risasi, humeza kama 50. Uzi wa kiwavi uko nyuma, kwenye karibu nusu ya uimara huo, ila unapatikana kwa tani.

Kurudia. Si fani yake. Ukiuvuta kupita kiwango fulani, uzi hubaki mrefu, na mvuto wa pili haufanani na wa kwanza.

Kuipata. Ni kazi ya siku kadhaa lakini haihitaji uhandisi wa jeni. Vifuko anavyosokota kiwavi hukatwakatwa na kuchemshwa kwa dakika 30 katika maji yenye sodiamu kabonati ili serisini, ile gundi inayobandika nyuzi, itoke. Nyuzi zinazobaki, zinazofanana na pamba, huoshwa, hukaushwa, kisha huyeyushwa kwenye lithiamu bromaidi ya molari 9.3 kwa nyuzijoto 60 kwa saa nne hivi. Inafuata dialisisi ya siku mbili kuondoa chumvi.

Kimiminika kinachotoka chenyewe kinaitikia nguvu, na hapa mwanafunzi mpya huonja joto ya jiwe. Ukikinyonya kwa pipeti kwa pupa, au ukakizungusha kwa kasi kwenye mashine ya kuchanganyia mirija, minyororo huanza kujipanga. Utaona vijiuzi vyeupe kwenye ncha ya pipeti; baadaye mrija mzima unaganda na haurudi tena kuwa kimiminika. Kiwavi mwenyewe hutumia njia hiyohiyo, kwa kuikokota protini kwenye mfereji mwembamba wa tezi yake. Kwa hiyo mtikisiko uleule unaomharibia mmoja kazi ya wiki unampa mwingine jeli bila kuongeza kemikali yoyote.

Udhaifu. Maji. Utando mkavu wa fibroini huvunjika ovyo, na uliolowa huwa laini. Uzi wa buibui ndio wenye vituko zaidi: ukilowa bila kushikiliwa hujifupisha sana, aina nyingine hata kukaribia nusu ya urefu wake.

Inamfaa nani. Anayetaka kubeba mzigo mkubwa au kumeza mshtuko, na asiyehitaji nyenzo irudie mara elfu.

## Elastini na resilini

Hizi nimeziweka pamoja kwa sababu zinafanya kazi kwa kanuni moja, ingawa zimetoka kwa viumbe walio mbali sana.

Nguvu inaishia wapi. Inarudishwa. Minyororo yake haina umbo maalumu. Imejikunyata ovyo ndani ya maji. Ukiivuta unaipunguzia vurugu, na vurugu hiyo ndiyo inayoivuta irudi. Hakuna kifungo kinachovunjika njiani, kwa hiyo hakuna pa kupotezea nishati. Torkel Weis-Fogh aliieleza resilini mwaka 1960 kutoka kwenye bawaba za mabawa ya nzige, kiungo kinachopiga mara nyingi kila sekunde kwa maisha yote ya mdudu. Mwaka 2005, Christopher Elvin na wenzake wa shirika la utafiti la CSIRO, Australia, walipandikiza sehemu ya jeni la nzi wa matunda ndani ya bakteria, wakafungamanisha protini iliyopatikana kwa mwanga, na kipande chao kikarudisha zaidi ya 90% ya nishati.

Elastini ya mwilini inakaribia hapo. Toleo lake la maabara ni marudio ya asidi amino tano: valini, prolini, glisini, kisha nafasi ya nne iliyo wazi kwa karibu yoyote isipokuwa prolini, na glisini tena. Nafasi hiyo ya nne ni uhuru mkubwa kwa mbunifu.

Kurudia. Hapa hakuna mshindani kati ya hizi. Elastini ya mishipa na mapafu ya binadamu hukaa miongo bila kubadilishwa, ikivutwa kwa kila pigo la moyo.

Kuipata. Lazima bakteria wakutengenezee, kwa hiyo unahitaji mtu anayejua kupandikiza jeni. Ila elastini ya maabara ina zawadi yake: ikipashwa joto kupita kiwango chake hujitenga na maji yenyewe. Unapasha, unaongeza chumvi, unazungusha kwenye sentrifuji, unapooza, unarudia. Protini inasafika bila safu ya kuchujia. Resilini haina urahisi huo wote, na kufungamanisha kwake hutegemea tairosini, aina ya asidi amino, zilizomo.

Udhaifu. Bila maji hazifanyi kazi. Elastini kavu ni ngumu na huvunjika kama kioo. Elastini ya maabara pia inaitikia joto na chumvi, si nguvu peke yake. Ukipima leo chumba kikiwa na joto na kesho kikiwa na baridi, unaweza kudhani umegundua jambo jipya kuhusu mvuto kumbe ni hewa tu imebadilika. Tena zote mbili ni laini: za asili huwa kwenye megapaskali 1 hivi au chini yake, na nyingi za maabara ziko chini zaidi.

Inamfaa nani. Anayetengeneza kitu kitakachodunda au kupumua: kiungo cha roboti laini, tishu ya mshipa, utando unaotetemeka.

## Jeli za protini zilizokunjwa

Hii ndiyo familia ninayoiona na mengi ya kufanyiwa, na pia ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi.

Nguvu inaishia wapi. Ndani ya mikunjo. Jeli imejengwa kwa protini zenye umbo kamili la duara. Nguvu ikipanda, baadhi hukunjuka na kuachia urefu uliokuwa umefichwa. Kipande kimoja cha I27, chenye asidi amino 89, huachia nanomita 28 hivi. Mnyororo unarefuka ghafla, mkazo unashuka, na nyenzo inanusurika. Nguvu ikiondolewa, protini hujikunja upya. Mwaka 2010 kundi la Hongbin Li, Kanada, liliunganisha vipande vya GB1, protini ndogo iliyokunjwa, na vya resilini katika mnyororo mmoja. Wakapata nyenzo inayodunda ikivutwa kidogo na kumeza nishati ikivutwa sana, tabia ileile ya msuli.

Uimara wa mkunjo haumo ndani ya protini peke yake. Unategemea umeishika wapi. Yubikwitini, protini nyingine ndogo, ikivutwa kutoka ncha zake mbili hukunjuka kwa pikonyutoni 200 hivi. Protini hiyohiyo ikivutwa kupitia asidi amino yake ya 48, lisini, hukunjuka kwa kama 85. Katika mvuto wa kwanza vifungo vingi vinabeba mzigo kwa wakati mmoja; katika wa pili vinafunguka kimoja baada ya kingine kama zipu. Mwenye kuchagua protini bila kuchagua sehemu za kuishika amefanya nusu ya kazi.

Kurudia. Inarudia, ukiipa muda. Mikunjo huhitaji sekunde, pengine dakika, bila mzigo. Ukivuta tena mapema mno, kwenye mchoro wa nguvu na urefu mkondo wa pili unalala chini ya wa kwanza, si kwa sababu jeli imeharibika bali kwa sababu haijamaliza kujikunja.

Kuipata. Kuna njia mbili zilizo mbali kabisa. Ya I27, GB1 na jamii yake inapitia jeni na bakteria, na mavuno ni ya miligramu. Ya pili ni albumini ya damu ya ng'ombe, inayouzwa ikiwa unga. Unga huo humwagwa juu ya maji na kuachwa uzame wenyewe. Ukiukoroga unapata povu. Kisha huongezwa chumvi ya rutheniamu yenye rangi ya chungwa pamoja na amoniamu pasalfati, mchanganyiko ukavutwa ndani ya mrija mwembamba na kumulikwa. Tairosini za molekuli jirani zinaungana, na baada ya dakika chache unasukuma nje kijiti cha jeli cha rangi ya chungwa, ambacho hufifia kadiri unavyokiosha. Siku moja inatosha.

Albumini ina vifungo 17 vya salfa kwa salfa ndani yake, vinavyouzuia mnyororo usinyooke wote. Ukiongeza kemikali inayovikata, jeli ileile inarefuka zaidi. Ni jaribio rahisi linaloonyesha wazi mchango wa mkunjo. Ionel Popa na wenzake wa Wisconsin–Milwaukee, Marekani, wameitumia albumini kutengeneza jeli inayokumbuka umbo: inashikilia umbo la muda, kisha mikunjo ikifunguliwa kwa kemikali inarudi ilivyokuwa.

Udhaifu. Ni laini, kuanzia kilopaskali chache hadi makumi. Protini iliyokunjuka inaweza kunasana na jirani yake badala ya kujikunja. Na ile hesabu ya pikonyutoni 1 kwa kila mnyororo inahusu hapa kuliko popote.

Inamfaa nani. Anayetaka nyenzo yenye tabia mbili kulingana na ukubwa wa mzigo, na mwanafunzi anayetaka kuona fizikia ya mikunjo kwa macho.

## Protini zinazong'aa

Nguvu inaishia wapi. Inageuka habari. Kuna mbinu mbili. Ya kwanza hutumia protini mbili zenye rangi tofauti zilizounganishwa na kamba fupi inayonyumbuka. Zikiwa karibu, chini ya nanomita 10, moja humpa mwenzake nishati ya mwanga. Zikivutwa mbali, upokezanaji unapungua na rangi inabadilika. Kipimo alichokitoa Carsten Grashoff na wenzake mwaka 2010 kilikuwa na kamba ya asidi amino 40 iliyonakiliwa kutoka hariri ya buibui, na kilisoma kati ya pikonyutoni 1 na 6. Walikipachika ndani ya vinkulini, protini ya seli hai, wakapata wastani wa pikonyutoni 2.5 hivi.

Ya pili ni ya kikatili zaidi: protini inayong'aa huwekwa mahali panapotarajiwa kupasuka. Kiini cha mwanga kimekaa katikati ya pipa la nyuzi 11 za protini, na pipa likivurugwa mwanga unazimika. Nico Bruns na wenzake walionyesha mwaka 2013 kwamba protini ya njano ikipakwa kati ya nyuzi za kioo na plastiki inayozishika, inafichua mahali palipoharibika.

Kurudia. Ya kwanza ndiyo, ya pili kwa kawaida hapana.

Kuipata. Jeni zake zinazunguka maabara nyingi. Kazi ngumu ni hadubini na usomaji wa picha.

Udhaifu. Mwanga wa kupimia huchosha rangi, na asidi inaweza kuufifisha. Bila kipimo cha kulinganishia, chenye kamba isiyobeba mzigo, namba zako hazina maana.

Inamfaa nani. Anayesoma nguvu, si anayeitumia.

## Mbili zinazosahaulika

Keratini ya sufu na manyoya hupatikana kwa urahisi, mara nyingi kama taka. William Astbury wa Leeds alionyesha kwa eksirei, miaka ya 1930, kwamba sufu ikivutwa misokoto yake hunyooka na kuwa laha, na ikilowa hurudi. Humeza nishati kama hariri lakini hurudi vizuri zaidi. Kuiyeyusha ndiko kugumu, kwa kuwa imejaa vifungo vya salfa. Inamfaa anayetaka umbo linalokumbukwa katika kitu kikubwa kuliko jeli ya mrija.

Ya pili ni kwa anayetaka umeme. Eiichi Fukada na Iwao Yasuda walionyesha mwaka 1957 kwamba mfupa ukikandamizwa hutoa chaji, na kolajeni ndiyo inayohusika. Mwaka 2012, kundi la Seung-Wuk Lee wa Berkeley lilipanga virusi vya bakteria viitwavyo M13, vyenye koti la protini 2,700 hivi, likapata nanoampea 6 na milivolti 400, za kutosha kuonyesha tarakimu moja kwenye kioo kidogo. Inarudia kila ukibonyeza, ila ni kidogo mno. Ifikirie kama kihisi, si kama betri.

## Kulingana na hali yako

Kama kitu chako kitavutwa mara moja na kwa nguvu, kwa mfano uzi wa kushonea au mkanda wa kumeza mshtuko, anza na hariri. Usipoteze muda na buibui isipokuwa una sababu ambayo kiwavi hawezi kuitimiza.

Kama kitavutwa maelfu ya mara na hutaki kipate joto, nenda kwa resilini au elastini. Kati ya hizo mbili, joto ndilo linaloamua: likibadilika mahali pa kazi, resilini ina usumbufu mdogo, ukitaka joto lenyewe liwe swichi ya pili, elastini.

Kama una muhula mmoja na huna mtu wa jeni, albumini. Kama una miaka mitatu na mtu wa jeni, vipande vilivyobuniwa, lakini chagua mkunjo dhaifu unaolingana na mzigo halisi wa jeli yako, na uamue mapema utaushika wapi.

Kama swali lako ni la seli, rangi mbili na kamba. Kama ni la nyufa ndani ya plastiki, protini moja inayozimika inatosha.

Na kama hujajua bado unataka nguvu iishie wapi, tengeneza kijiti kimoja cha albumini, kivute na kukiachia mara kumi ukikipumzisha kati ya kila mvuto, kisha chora mkondo wa kwenda na wa kurudi kwenye mchoro mmoja. Eneo lililobaki kati ya mikondo hiyo ni nishati iliyomezwa. Ukijikuta unatamani lipungue, resilini. Ukitamani lipanuke na bado jeli irudi, ongeza mikunjo. Ukitamani lipanuke na kurudi hakukuhusu, kachemshe vifuko.